Ndoo ya Nyuma ya Nyumba

Maji ya bomba ya Walukuba yananuka hospitali.
Huyaacha kwenye jerikeni, kizibo wazi, usiku na mchana,
mpaka dawa iruke iende zake.
Robo hutoka, robo huingia, basi.
Ukibadilisha yote umewabomolea nyumba wakiwa ndani.
Sponji ya chujio siioshi kwa maji mapya,
naikamua kwenye beseni la maji yao wenyewe,
kwani ule utelezi wa kahawia, wenye harufu ya shamba baada ya mvua,
ndio unaokula sumu ya mikojo yao.
Kuna uchafu ulio mlinzi.
Hilo semina haikunifundisha.

Semina ilinifundisha: pindua kopo, toboa tairi, mwaga.
Mimi ndiye Kagoya wa afya, wa fulana ya bluu na daftari,
nabisha hodi mlango kwa mlango:
"Mama Tenywa, sufuria hiyo ina maji tangu lini?"
Na nyuma ya nyumba yangu
kuna ndoo nyeusi, majani ya mgomba yanaozea ndani,
kipande cha chandarua juu, kimekazwa kwa mpira wa baiskeli.
Nafuga mbu.

Nkejje wangu sita hawataki chakula cha pakiti.
Mvuvi wa Masese aliniletea ndani ya kopo la rangi,
"Hawa hawana bei," akasema, "sangara amewamaliza wenzao."
Nikiwamwagia viluwiluwi, kioo kinachemka.

Siku ya tano navuna.
Siku ya saba wamejikunja kama alama ya mkato.
Ya nane, au ya tisa, wana mabawa.
Nimewamulika kwa tochi: wa malaria hulala sambamba na uso wa maji,
hawa wangu wananing'inia kichwa chini.
Hawa ni wasumbufu tu.
Nasema tena: wasumbufu tu.

Mwezi wa tatu shangazi akafa Kamuli.
Matanga siku nne.
Niliporudi chandarua kilikuwa na tundu la kupita kidole,
ndoo kimya, maganda meupe yanaelea.
Wiki mbili baadaye Tenywa akachemka.
Kipimo kikatoa mistari miwili.
Niliandika kwa mkono wangu: mvulana, miaka minne, chanya.
"Huyu mbu katoka wapi," mama yake akauliza,
"nasi tumemwaga kila kitu?"
Nikasema mvua.

Wiki hiyo jike mmoja akaacha kula.
Taya limetuna, mayai yamejaa kinywani,
viluwiluwi wa mwisho wanampitia puani na hafunui mdomo.
Usiku umeme ukakatika, pampu ikanyamaza.
Nikakaa na kikombe cha bati,
nachota, namimina kutoka juu, nachota,
maji yapate pumzi,
hadi saa kumi alfajiri.
Yeye na mimi, uso kwa uso, midomo imefungwa.

Tenywa alipona. Anakimbiza ringi ya baiskeli uani.
Ndoo niliipindua, nikaitoboa kwa msumari.
Siku hizi nazunguka na chujio la chai na chupa,
navuna kopo la Naigaga, tairi la fundi Waiswa,
na watu wananisifu: Kagoya, bidii hiyo!
Samaki wanakula vizuri kuliko zamani.
Hilo nalo linanikera.

Jana jike akafunua mdomo.
Wakamtoka ishirini na mmoja, macho matupu na mikia,
kivuli changu kikawaangukia,
wakarudi ndani mbio kama pumzi iliyovutwa.

Leo jioni nimesimama mlangoni kwa Mama Tenywa.
Sina daftari.
"Karibu, Kagoya. Kuna nini?"
Nyuma yake, juu ya kichanja,
ile sufuria imepinduliwa,
kavu kabisa.