Toa Huku, Toa na Kule

Juni, Isongole. Ukungu umeingia darasani
bila kubisha hodi, umekaa dawati la nyuma.
Watoto arobaini na wanane, mikono ndani ya masweta,
nami nimeandika ubaoni: 2x + 3 = 11.

Kimya. Kisha Sekela,
ambaye tangu Januari sijaisikia sauti yake:
"Mwalimu, hiyo si alama ya kosa?"

Nikalifungua daftari lake. Kweli.
Kurasa kwa kurasa, eksi nyekundu,
nyingine kwa mkono wangu.
Herufi yenyewe haimo hata katika abjadi yetu;
kwake ilikuwa na maana moja tu,
na maana hiyo nimeifundisha mimi.

Nikafuta ubao.

Kesho yake nikaazima mizani kwa Mama Ambakisye,
ile ya sahani mbili, yenye kutu.
Nilileta viazi. Lwitiko, mtoto wa sokoni, akacheka:
"Viazi havilingani, mwalimu, utatupunja."
Basi tukakata miche ya sabuni kwa uzi,
darasa zima likanukia Jumamosi.
Kulia, vipande kumi na kimoja.
Kushoto vitatu, pamoja na soksi zangu mbili zilizofungwa fundo,
kila moja imebeba idadi ileile ambayo sikuitaja.
(Na soksi tupu mbili upande wa kulia. Lwitiko tena:
"Soksi nazo zina uzito.")

Washairi wana mizani yao, ya kuhesabia silabi.
Yetu ilikuwa na neno moja:
ukitoa huku, toa na kule.
Vitatu. Vitatu. Mkono wa chuma ukatetemeka, ukatulia.
Vinane, kwa soksi mbili.
"Vinne," akasema Sekela kabla sijauliza,
halafu akafungua fundo kwa meno
ahakikishe kama sikudanganya.

Siku ya gulio nilimkuta kwenye magunia ya mama yake.
Mnunuzi anashona kilemba juu ya gunia lililokwisha kujaa,
lumbesa imempita kimo,
bei ni ileile ya debe sita.
Sekela kachuchumaa, anaandika udongoni kwa kijiti:
6 + x = 6.
Akafuta. Akaandika tena, ikaja ileile.

"Mama," akasema bila kuinua kichwa,
"kwa hesabu ya huyu, x ni sifuri.
Mbona mimi naiona, na imevaa kilemba?"

Sindano ya mnunuzi ikasimama.