Unapika Nini?

Nilikuwa na elfu kumi na mbili na mia tano.
Mia tano ya ndimu.
Nyumbani, kitimoto kimelala kwenye kitunguu saumu
tangu asubuhi,
na wifi yangu Eliaichi, wa juzi tu kutoka Ujerumani,
anakuja jioni na ulimi uliokwenda shule.

Supamaketi karibu na Bima ina baridi ya mochwari.
Chupa zimepangwa kwa nchi, kama mabalozi.
Muuzaji akanitazama viatu
kabla hajanitazama uso.
"Nyekundu ya bei gani?"
Nikasema namsubiri mtu.
Nikatoka kumsubiri huyo mtu juani,
nikaenda naye hadi Segerea.

Duka la Ndahani lina upana wa kitanda:
vocha, sabuni za vipande, kreti za soda.
Akaniuliza, "Unapika nini?"

Miaka arobaini na moja,
hakuna muuza kinywaji aliyewahi kuniuliza hivyo.
Nikamwaga yote: ndimu, pilipili mbuzi,
ndizi za kukaanga,
mafuta yale yanayong'ang'ania kidole.
Akanyamaza kama fundi anayetafuta uzi
wa kufanana na kitambaa.
Akainama nyuma ya kreti,
akaja na chupa, akaifuta kwa fulana yake.

"Ya kwetu, Dodoma. Ile tamu iache, itagombana na pilipili.
Hii kavu itakata mafuta.
Ila usiinywe na joto hili, dada.
Friji, dakika ishirini.
Umeme ukikatika, kitambaa cha maji."

Elfu kumi na mbili.

Divai niliyoijua mimi ni ya Chakula cha Bwana,
kikombe cha ukubwa wa kizibo,
unameza ukiwa umefumba macho.

Kizibuo hatuna.
Tulisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko,
kikabaki kinaelea humo
kama mgeni asiyejua pa kuketi.
Tukamimina kwenye glasi za juisi.
Eliaichi akanusa, akaitikisa, akaanza:
"Kule kwetu Stuttgart..."
Akang'ata ubavu. Akanywa.
Akachukua ubavu mwingine.
Sentensi ile mpaka leo haijamalizika.

Jumatatu nikapita kwa Ndahani kununua kiberiti.
"Leo unapika nini?"
"Maharage ya nazi."
Akatazama juu, akahesabu kwa vidole.
"Nayo yana ya kwake," akasema.
"Njoo tarehe ishirini na tano,
mshahara ukitoka."