Kasoro Ndogo, Ubavu wa Kushoto

Mimi ndiye niliyeandika orodha.
Nambari kumi na saba: Pejo mia nne na tatu,
paa limeshushwa vidole vinne, kiuno kimerefushwa,
boneti ya shaba iliyofuliwa kwa mkono.
Fundi: hajulikani.
Karatasi za mwenye mali zilisema hivyo
nami nalipwa kunakili.

Hajulikani!
Muulize yeyote wa Kenya aliyevuka miaka hamsini
(Kenya yetu, mtaa wa Lubumbashi, si nchi ya watu),
atakuonyesha ua lenye doa la oili
ambalo masika thelathini hayajalitoa.
Hapo Ngoie Mwenze alilala chini ya chuma
miaka miwili na nusu, kila jioni baada ya zamu,
taa ya karabai ikimlia mafuta ya mboga.

Shaba ilitoka wapi? Usiulize sana.
Ilipita getini kipande kwa kipande
chini ya bukari baridi,
na mlinzi alipenda samaki, akapewa samaki.

Baba hakupima kwa rula.
Aligonga, akainamisha sikio.
Shaba ikisema ti, bado.
Ikisema to, imekubali.
Wanasema chanda chema huvikwa pete;
chanda cha baba kilivikwa ukucha mweusi.
Na mama, akipepeta unga mlangoni:
"Nina mke mwenza wa magurudumu manne,
tena anavaa kunishinda."

Siku lilipotoka, watoto walijiona kwenye boneti,
mashavu yameumuka kama maandazi,
wakalikimbilia hadi Kamalondo.
Lilibeba maharusi arobaini na mmoja
na jeneza moja.
Kwa jeneza ilibidi kiti cha nyuma king'olewe,
na hata hivyo miguu ya baba
ilitokeza nje kidogo, imefunikwa kitenge,
kama mtu anayekagua ekzosi.

Wiki ile ile ami aliliuza
kwa magunia kumi na tisa ya unga.
Moja lilikuwa na wadudu.
Tulilila nalo.

Sasa ukumbi wa hoteli, zulia, maji ya chupa.
Mtu wa kobalti anainua kidole bila kuangalia.
Elfu sitini. Elfu themanini.
Simu kutoka Antwerp inakohoa: tisini na tano.
Nyundo ya mnadi ni ya mti, imepakwa vanishi,
haijawahi kuuma kidole cha mtu.
Ikagonga mara moja.
Nilisikiliza. Haikusema ti wala to.

Lakini turudi nyuma, siku ya ukaguzi.
Mthamini alikuja na tochi na glavu nyeupe,
akapitisha ukucha ubavuni, akasimama.
"Hapa pana kibonyeo. Toa elfu mbili."
Nikaandika: kasoro ndogo, ubavu wa kushoto,
ukubwa wa kiganja cha mtoto.
Hakuniuliza nimepimaje.

Nilikuwa na miaka saba. Baba alikwenda kunywa maji.
Nyundo ilikuwa nzito, niliishika kwa mikono miwili,
nikagonga mahali ambapo hapakuombwa kitu.
Aliporudi hakufoka.
Alipiga goti, akabisha kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza muda mrefu, mrefu mno kwa mtoto mwenye hatia.
"Iache," akasema. "Mutoka isiyo na kosa
haina mwenyewe."

Mnunuzi ametaka picha, nimemfungulia mlango.
Vishikio vya mlango ni misalaba midogo ya shaba,
ile ya kale, iliyowahi kununua jembe na kuoa mke.
Dole gumba lake limeteleza ubavuni,
likaingia kibonyeoni, likatulia humo
kama lililofika.
"Hiki kinaweza kunyooshwa?"

Nikafunga orodha.
Kinanyooka, nikamwambia,
ila bei itashuka.