Kitana Chekundu

Miaka kumi na tisa tumeuza dagaa mwaloni, Kirumba,
mimi na Mbuke, meza mbili zinazogusana,
mizani moja, kalamu moja,
na ugomvi mmoja usiokwisha: nani kahamisha kigoda.

Dagaa walikuja kwa magunia, magunia kwa maboti,
maboti kutoka visiwa tulivyovijua
kwa majina ya wadeni wetu tu.
Matupu tuliyarudisha. Mbuke aliyatia alama kwanza:
duara, na ndani yake kitana cha meno matatu,
kwa rangi nyekundu iliyobaki alipopaka mlango wake.
"Yasipotee," alisema.
Yalipotea.

Mwaka huu mbalamwezi ilipotanda juu ya ziwa,
wavuvi wakacheza bao, karabai zikapumzika,
Mbuke akafunga daftari.
"Twende."
"Wapi?"
"Huko magunia yanakoishia."

Meli ilitetemesha fizi zetu usiku kucha hadi Bukoba.
Tulilalia mabegi, katikati ya mikungu ya ndizi
na godoro la bwana harusi ambaye hakuthubutu kulilalia.
Mutukula, afisa alitazama hati, akatazama mikono yetu
yenye magamba yasiyotoka hata Idi.
"Mnakwenda kufanya nini?"
"Kutembea," Mbuke akajibu.
"Kutembea tu?"
"Kwani kuna kodi?"
Mhuri ukalia ta!

Masaka nilimwamini kijana wa kubadilisha fedha.
Nilipohesabu, kijana alikuwa keshageuka vumbi.
"Wewe," Mbuke alisema, "ungepewa ziwa lote
ungerudi nyumbani na kikombe."
Sikumjibu. Sikumjibu mpaka Bukakata,
na kwenye kivuko tulikaa mgongo kwa mgongo
kama mawe ya Igogo:
moja limemwegemea mwenzake, na hayasemezani.

Kisha kisiwa.
Msitu ulioshuka hadi majini kama ng'ombe wenye kiu.
Michikichi mistari mistari, imesimama kama paredi ya shule,
na nyuma yake giza la kijani lisilo na mwalimu.
Mvua ilinyesha bila kutangaza, ikaacha bila kuaga.
Kima mmoja aliiba karanga zetu, akakaa kuzimenya
akitutazama kama mtu anayetudai.
Mwenye pikipiki alifika mahali akazima injini:
"Mbele ni miguu."
Miguu ya Mbuke ina baridi yabisi. Nilimbebea begi.
Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza tangu Masaka.

Mwaloni mdogo, nyumba tisa, harufu ileile ya kwetu.
"Mukulikeyo," mwanamke akatuamkia.
"Mwadila," Mbuke akaitika, Kisukuma kitupu,
na wote wawili wakaona imetosha.
Namubiru, jina lake. Kiswahili chake kilikuwa cha soko:
tarakimu na matusi.

Mlangoni pake lilining'inia gunia.
Duara. Kitana.
Meno mawili, la tatu limefunikwa na kiraka.

Mbuke aliligusa kwa kiganja chote,
kama unavyopima homa ya mtoto.
"Langu hili," alisema.
Namubiru akaanza kufungua kamba, uso umemshuka.
Mbuke akamshika mkono.
"Acha, mama. Mvua itaingia."

Tulilala pale siku nne, nyuma ya lile pazia.
Siku ya kuondoka Namubiru aliuliza: Mwanza mbali?
Mbuke akanyoosha kidevu kwenye maji.
"Hapo tu."
Meli, basi, kivuko, mihuri, fedha zangu zilizoliwa:
hapo tu.

Wiki ya pili mwezi ukaisha, maboti yakaja.
Juu ya gunia tupu Mbuke alichora kitana,
kisha akaongeza maandishi, herufi kubwa kubwa: TUMEFIK,
na kopo likakauka.
Nikamwambia, malizia kesho.
Nahodha alikuwa keshawasha mashine.

"Atasoma," alisema,
akaketi.
Kigoda kilikuwa upande wake.