Daftari la Vipimo

Kwenye baraza ya duka la vitambaa, hapa Majengo,
nina daftari ambalo jalada lake limelowa mafuta ya cherehani.
Ndani wamelala wateja wangu wote:
Mama Chiduo, kifua arobaini na mbili, anataka mikono mirefu;
bwana harusi wa Kizota, paja ishirini na sita, hajamaliza kulipa.
Ukurasa wa mwisho ni wa Ndahani.
Kwake sijaandika bega wala kiuno.
Nimeandika mapigo.

Alizaliwa na tundu moyoni.
Walilitia kiraka akiwa na miaka minne,
na mimi, fundi nguo, kwenye benchi la korido,
nilitamani kuuliza wametumia uzi gani.

Sasa ana tisa. Kovu limenyooka kifuani
kama zipu iliyokwama, na mwenyewe hakwami popote.
Darasani hukaa kwa hesabu ya mbili:
mara yuko dirishani, anawaita mbuzi wa jirani
kwa majina aliyowapa yeye,
mara yuko chini ya dawati, anatafuta ufutio wa mtu mwingine.
Watu wa uani humwita mtundu.
Mimi husikia tundu.
Herufi moja tu imezidi, na usingizi wangu umepungua.

Mwalimu Mbeleje hakumchapa. Aliniita, akanitengea kiti:
"Mama, huyu anajua. Ila anachokijua
kinapeperuka kabla hajakiandika."

Daktari wa watoto akasema ipo dawa.
Hukituliza kichwa, lakini moyo huuhimiza kidogo.
Akaanza kuliandika jina lake, akafika katikati,
akaona kovu kwenye shingo ya shati.
"Alishapasuliwa? Basi leo siandiki."
Niliipenda ile kalamu iliyosita.

Tukapanda kilimani, kwa Daktari Nyemo wa moyo.
Ndahani akabandikwa nyaya, akauliza zinaonyesha katuni gani.
Karatasi ikatoka na mshono wa zigizaga,
nikaukagua kama ninavyokagua kazi ya mwanagenzi:
wapi umeruka, wapi umekaza mno.
Sikuelewa kitu. Nikauliza lile ninalolijua.

"Daktari, kiraka hakichaniki.
Kinachochanika ni nguo kandokando ya kiraka,
pale palipochoka kuvutwa.
Dawa hii itavuta?"

Hakucheka. Alimpaka mafuta baridi, akanigeuzia kioo.
Nikaona kitu kinafumba na kufumbua gizani,
kinafumba na kufumbua,
hakijui kwamba kinatazamwa.

"Itavuta kidogo," akasema. "Pindo limeshika vizuri.
Kwa moyo huu sioni sababu ya kumnyima.
Tutaanza na kipimo kidogo, tutapima presha, tutapima mapigo,
kisha tutapima tena.
Akizimia, akilalamikia kifua,
moyo ukikimbia na yeye amekaa,
usingoje tarehe. Njoo."

*Sioni*, alisema. Hakusema *hakuna*.
Wiki nzima nimelipiga pasi neno hilo
na mkunjo wake haujatoka.
Lakini hata mimi, mteja akiniuliza kama suruali itadumu,
huishika kwenye mwanga, huivuta,
na kumwambia nilichokiona.

Leo tumekula ugali wa uwele na mlenda.
Kidonge cha kwanza kinangoja asubuhi
katika kikombe nilichokifunika kwa kisahani,
kana kwamba nacho kinaweza kutoroka.
Nimemshika kifundo cha mkono, jicho kwenye saa ya ukutani.
Nje upepo unasukuma vumbi chini ya mlango.
Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

"Mama, mbuzi nao wana moyo?"
Nyamaza, mwanangu.
"Na ukitaka kumhesabu mbuzi, unamshika wapi?"

Nimepotea.
Narudi mwanzo. Kidole gumba kinatafuta tena mahali pake.
Moja.