Mabati Kwanza

Mwaka ule korosho ilipanda bei
Somoe akasema, mabati kwanza.
Alisema akiwa jikoni, hakugeuka,
akarudia usiku, kama anayemfundisha mtoto jina lake.
Nikashuka Mtwara na fedha ndani ya soksi,
nikarudi Newala juu ya lori la chumvi
nimekumbatia redio.

Siyo redio. Mtambo:
amplifaya yenye uzito wa mbuzi,
deki ya kaseti mbili,
na spika mbili zilizonifika kiunoni.
Somoe alizitazama, akalitazama paa la nyasi,
akachukua ndoo, akaenda bombani.
Siku ile foleni ya maji ilikuwa ndefu mno,
au aliirefusha mwenyewe.

Miaka mitatu mtambo uliishi chini ya nyasi.
Mvua ikianza, niliufunika turubai
kabla ya kuwafunika watoto. Hilo nalikiri.
Somoe huwakumbusha wageni,
hata wale waliokuja kuuliza njia tu.

Sasa umetimiza miaka thelathini na mmoja.
Kitufe cha sauti kilipotea,
mahali pake pana kifuniko cha dawa ya meno.
Spika ya kushoto ilitafunwa na panya;
fundi Nachunga akaishona
kwa ngozi iliyobaki kwenye ngoma yake.
Tangu hapo besi ya upande ule ina adabu,
kama kijana aliyetoka jandoni.

Na kuna kaseti moja ya dansi
ambayo katikati ya gitaa mtu anakohoa.
Spika ya kulia, nyuma kidogo ya tarumbeta.
Simjui. Kila mara namwambia pole.

Mwaka jana mpwa wangu Likanda, wa Shangani,
aliniwashia wake: taa za buluu,
simu ndiyo inayoamrisha,
glasi zikatetemeka kabatini.
Nikamwomba wimbo uleule.
Ukatoka umeoshwa, umepigwa pasi.
Nikasubiri kikohozi.
Hakikuja.
Wamemponya yule mtu, au wamemzika.

"Mjomba, uza lile dude, nikuletee kama hili."
Nikasema nitafikiri.
Basi halijafika Nanguruwe
nilikuwa nimeshasahau nilitakiwa kufikiri nini.
Nyumbani nikabonyeza swichi.
Taa ya manjano ikachelewa kidogo,
kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda,
kisha ikaja.

Kuridhika hakukuja siku ya kwanza.
Siku ya kwanza nilikuwa na fahari, na hofu ya mke.
Kulikuja labda mwaka wa tisa, bila kubisha hodi:
nasikiliza bei za ufuta,
nikagundua ni muda mrefu
sijasimama dirishani kwa duka lolote
kumezea mate kitu cha mtu.

Mabati tulinunua mwaka wa nne.
Ishirini na nane; Somoe aliyahesabu kwa kidole.
Mvua ya kwanza ya kifuku ikapiga,
nikaongeza sauti, nikaongeza tena.
Bendi nzima, tarumbeta tatu,
haikufua dafu kwa wingu moja la Newala.
Chini ya nyasi mvua ilinong'ona tu.
Hilo hakuna aliyenionya.
Somoe alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Basi tumegawana mwaka, bila maandishi.
Kiangazi ni changu.
Kifuku, wingu likitokea upande wa Ruvuma,
nainuka mwenyewe, nazima,
tunakaa kusikiliza mtambo wake:
spika ishirini na nane, kitufe hakuna.

Jana mvua ilikatika ghafla, katikati ya neno.
Matone ya mwisho yakahesabiana kwenye ndoo.
Somoe alikuwa anachambua mbaazi.
Hakugeuka.
"Haya," akasema, "mwashe mgonjwa wako,
tujue kama ameamkaje."