Kidole Gumba cha Bi Driwaru

Maktaba yetu ina madirisha manane, matatu hayafungi.
Mvua ya Arua ikija kwa ubavu
tunaisogeza rafu ya sayansi kama tunasogeza mgonjwa.
Bajeti ilipokatwa nikakabidhiwa simu ya halmashauri,
kioo chake kina ufa wa pembe hadi pembe,
nikaambiwa: Candiru, wafuate watu huko waliko.

Huko waliko ni wasapu.
Huko waliko ni Tiktoki, ambako nilicheza na ufagio
katikati ya rafu nikitangaza saa za kufungua,
na mchungaji wangu akaona.
Fesibuku ya kwetu, mnajua, huingiwa kwa mlango wa uani;
nami huingia, navua viatu,
nabandika picha za vitabu vitatu vipya, natoka.

Wadaiwa niliwatungia hili, nikalituma saa mbili usiku:

    Kitabu si mali yako, rafiki nakukumbusha,
    Kimekaa kwako huko, siku zake zimekwisha,
    Usikipeleke jiko, kurasa ukaziwasha,
    Rudisha hata usiku, mlinzi atafungua.

Vikarudi ishirini na viwili.
Kimoja kilialamishwa kwa risiti ya mbuzi.
Kimoja kilikuwa cha maktaba ya Gulu.
Mlinzi hajanisamehe ule mstari wa mwisho.

Wanafunzi huuliza usiku wa manane:
madamu, usanisinuru uko ukurasa gani?
Najibu nusu nimelala: mia na sita. Lala.

Lakini nilitaka kusema habari za Bi Driwaru.

Mkunga mstaafu, mtu wa Wandi,
mtoto wa jicho kashika macho yote mawili.
Alinipigia mara moja tu:
"Nimezalisha nusu ya wasomaji wako.
Sasa mimi nani atanisomea?"
Basi kila jioni, mlango ukishafungwa,
nakaa kwenye ngazi ya rafu, mdomo karibu na ufa,
nasoma kurasa mbili za riwaya ya fundi saa
aliyeficha saa za mji mzima.
Natuma.
Naye hujibu kwa kidole gumba. Kimoja. Basi.
Siku fundi alipokamatwa, vitatu.

Aprili kidole kikakoma.
Alama mbili za buluu zilikuja kama kawaida,
yaani amesikia,
na baada ya buluu, kimya.
Nikajikagua: nimesoma haraka?
Nimemchosha? Au simu inasikilizwa na mtu
anayegawa vitu vya marehemu?
Niliendelea kusoma. Sikujua la kufanya lingine.

Siku ya kumi na moja ikaja sauti ya mwanamume,
nyuma yake redio, na kuku mwenye hasira.

"Madamu, ni Asiku wa duka la chaji.
Simu ya Bibi ilikaa hapa kwa deni la elfu nne.
Tulibonyeza mara moja, kwa makosa.
Sasa tuko watu kumi na wawili.
Bibi tumemletea kiti, deni tumelifuta,
lakini simu amekataa kurudi nayo:
anasema ukimsikiliza peke yako
yule fundi huonekana mwizi tu.
Kidole hakitumwi kwa sababu kila usiku tunagombana.
Ila jana, ukurasa wa tisini na mbili,
ulikohoa juu ya jina la aliyemsaliti.
Kuna watu hapa hawajalala. Rudia."

Daftari la halmashauri lina safu moja tu: *Walioingia leo.*
Mlangoni walikuwa wameingia saba.
Nikaandika kumi na tisa,
nikaifuta, nikaiandika tena kwa wino.

Kisha nikanywa maji, nikapanda ngazi,
nikausogeza mdomo kwenye ufa.